Kukunjika na Kuchanika

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila mwandishi wa habari wa nchi hii ameshaiandika, na kila msomaji ameshaisoma: basi hilo, lililokuwa katika mwendo kasi, liliacha njia na kupinduka. Hubadilishwa jina la kijiji, idadi ya marehemu na cheo cha kamanda aliyethibitisha. Sentensi yenyewe haiguswi. Na kwa kweli ni sentensi nzuri kwa kazi yake. Ni fupi, ina sababu, ina tukio, na mhariri wa zamu anaipitisha huku anakunywa chai. Ila watu hawafi pale basi linapoacha njia. Wanakufa baadaye kidogo, bati linapokutana na ardhi, na hapo sentensi imeshafika kwenye nukta.

Nataka kuandika juu ya hicho kipande cha baada ya nukta. Ni kipande kifupi mno. Pigo moja la bodi ya gari huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na ndani yake bati huamua mambo mengi ambayo hakuna kamanda anayeyathibitisha.

Swali sikulianzisha mimi. Miaka michache iliyopita mama yangu mdogo alikuwa kwenye basi la namna hiyo, akitokea msibani. Alitoka akiwa na mkono uliovunjika na nyuzi kumi na moja kichwani. Dada aliyekaa kiti cha nyuma yake, ambaye njiani walikuwa wameshagawana karanga na kuulizana makabila, hakutoka. Nilipofika wodini sikwenda kama mwandishi, lakini yeye aliniuliza kama mwandishi.

"Wewe si ndiye unayeandika haya mambo," alisema baada ya shikamoo na marahaba. "Hebu niambie. Kwangu mimi bati lilikunjika, likanifunika kama kanga. Kwa yule mwenzangu likachanika. Basi ni moja, bati ni moja. Kwa nini?"

Msomaji, hebu viangalie vitenzi vyake. Mama mdogo ameishia darasa la saba na hajawahi kukanyaga karakana, lakini alichosema ni ripoti kamili. Kiswahili hakikuruhusu useme tu kwamba kitu "kimeharibika" ukaachiwa uende zako. Sufuria hubonyea. Fito hupinda, na ukiiachia hurudi. Kitanda kilichochoka hunepa. Kamba hukatika, nguo huchanika, puto hupasuka, mkate humeguka, sahani huvunjika. Ukimwambia mtu kwamba shati lako limevunjika atakutazama mara mbili. Kila kitenzi kinabeba ndani yake habari ya kitu chenyewe kimeundwa na nini, na kimekufa kifo gani. Wahandisi nao, kumbe, maisha yao yote wanazunguka kwenye jambo hilohilo: ni wakati gani metali inabadilika umbo tu, na ni wakati gani inaachana.

Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari. Mimi nilikwenda kwenye maneno, yeye akaenda kwenye mahesabu, na sasa yuko Ujerumani katika maabara inayopima mabati ya aloi: jinsi yanavyonyumbuka na jinsi yanavyokatika yakivutwa kwa kasi kubwa. Nilimtumia kwa WhatsApp picha nilizopiga za ubavu wa lile basi. Alijibu kwa sauti.

"Kaka, kwa picha siwezi kusema kitu. Nikisema, nitakuwa mganga. Ninachoweza ni kukuonyesha swali lenyewe linaulizwaje."

Akanitumia video mbili.

Ya kwanza inachosha. Kuna kipande cha bati kilichokatwa umbo la mfupa, kipana kwenye ncha mbili na chembamba katikati, kimebanwa juu na chini kwenye mashine. Sehemu nyembamba ina urefu wa milimita 50. Mashine inavuta milimita 3 kwa dakika. Unakaa unatazama, hakuna kinachotokea. Baada ya dakika tatu na kitu bati limerefuka kwa asilimia ishirini, halafu mahali fulani linaanza kusinyaa kama shingo, na pale kwenye shingo linakatika. Hivi ndivyo metali nyingi duniani zinavyopimwa, na namba zinazoandikwa kwenye vitabu vya chuo, kwamba chuma hiki kinahimili kiasi hiki, kwa kawaida zimetokana na uvutaji huu wa kobe.

Video ya pili haina dakika tatu. Kipande ni kidogo zaidi, na kurefuka kulekule kwa asilimia ishirini kunakwisha ndani ya milisekunde mbili. Kufumba na kufumbua jicho, muda ambao sisi tumeufanya kipimo cha ufupi, ni mrefu kuliko huo mara hamsini au zaidi. Kamera ya kasi ndiyo inayoona, sisi tunaoneshwa baadaye. Bati limepakwa rangi nyeupe na kunyunyiziwa vidoa vyeusi, kama yai la kanga, na kompyuta inafuatilia kila kidoa kilivyohama kutoka picha moja hadi nyingine. Kwa njia hiyo wanajua ni sehemu gani ya bati ilivutika zaidi, na lini.

Tofauti kati ya video hizo mbili wahandisi wameipa kipimo: metali inabadilika umbo kwa sehemu gani ya urefu wake katika kila sekunde. Mimi naiita kasi ya mnyumbuko, kwa kukosa jina lililozoeleka. Katika video ya kwanza ni 0.001 kwa sekunde. Katika ya pili ni 100. Ya pili ina kasi mara laki moja ya ile ya kwanza, na gari linapogonga ukuta, mabati yake yako upande wa video ya pili, mengine yakifika mamia kadhaa kwa sekunde.

Sasa, je, bati ni lilelile? Hapa ndipo nilipokaa sawasawa kwenye kiti. Jibu ni hapana.

Tumelelewa na methali kwamba haraka haraka haina baraka. Chuma hakijaisikia. Chuma laini cha kawaida, ukikivuta kwa kasi ya ajali, kinaanza kukubali kunyumbuka baada ya nguvu kubwa zaidi, na kwa kasi za juu sana nguvu hiyo inaweza kukaribia mara mbili ya ile ya uvutaji wa polepole. Yaani ukikiharakisha, kinagoma. Vyuma vya nguvu ya juu vinavyotumika kwenye magari ya kisasa navyo hupanda, ingawa kwa uwiano mdogo zaidi. Aloi nyingi za alumini karibu hazijali. Uzivute kwa kobe au kwa risasi, mpaka kasi iwe kubwa mno, zinajibu karibu kilekile.

Kwa nini? Rafiki yangu alianza na atomu, nikamwambia arudi nyuma. Akaniuliza kama nimewahi kuhamisha jamvi kubwa la msikitini. Nimewahi. Basi, alisema, hulivuti lote kwa mkupuo, hutaliweza. Unatengeneza mkunjo upande mmoja, unausukuma taratibu mpaka utokee upande wa pili, na jamvi linakuwa limesogea kidole. Metali inanyumbuka hivyohivyo. Ndani yake atomu zimejipanga safu kwa safu, na katika safu kuna mikunjo, kasoro ndogo zinazosafiri. Mikunjo hiyo hukutana na vizuizi njiani. Atomu zenyewe hazitulii, zinatetemeka kwa joto, na mtetemeko huo mara kwa mara huusaidia mkunjo kuruka kizuizi. Ila msaada huo unataka kusubiriwa. Ukivuta polepole, muda upo. Ukivuta kwa milisekunde, hakuna wa kukusubiri, inabidi utumie nguvu tu. Katika chuma, vizuizi vingi ni vya aina inayoruka kwa msaada wa joto. Katika alumini, kwa jinsi atomu zake zilivyojipanga, msaada huo haubadilishi mengi.

Lakini ugumu huo wa ghafla una gharama yake. Kama ulikuwa mtoto wa kutengeneza magari ya waya, unakumbuka: huna koleo la kukatia, unaukunja waya huku na huku mahali pamoja mpaka unakatika, na ukiugusa pale ulipokatikia unaungua kidole. Mwaka 1934 Waingereza wawili, G. I. Taylor na H. Quinney, walipima jambo hilo kwa makini na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi unayoifanya kuinyumbua metali, karibu tisa ya kumi, inageuka kuwa joto. Ukivuta polepole, joto linapata muda wa kutoroka kwenda pembeni. Ukivuta kwa kasi, linanaswa pale pale kwenye shingo, na metali yenye joto inalegea. Kwa hiyo katika pigo moja kuna mambo mawili yanayovutana: kasi inakifanya chuma kiwe kigumu, na joto la hiyo kasi linakilegeza. Upande upi utashinda inategemea aloi, unene, umbo, na pale bati lilipokuwa na udhaifu kabla hata basi halijatoka stendi.

Historia ya maswali haya inaanzia mahali ambapo wasomaji wa ukurasa huu hawatarajii. Mwaka 1872, kijana Mwingereza aitwaye John Hopkinson alichapisha majaribio yake ya kukata waya wa chuma kwa pigo. Aliyechapisha ni Jumuiya ya Fasihi na Falsafa ya Manchester. Ndiyo, fasihi. Enzi hizo mtu wa mashairi na mtu wa waya walikaa ukumbi mmoja na kusomeana kazi zao, na sidhani kama kuna aliyeona ajabu.

Hopkinson aliuning'iniza waya, akauwekea kizuizi chini, kisha akaachia uzito ulioteleza kuufuata waya na kukipiga kizuizi. Mtu wa kawaida angesema uzito mkubwa utakata waya kirahisi kuliko mdogo. Alichokuta ni kwamba kimo ambacho uzito ulitakiwa kudondoka ili waya ukatike kilikuwa karibu kilekile, uzito uwe mkubwa au mdogo. Kilichokuwa kinaamua ni kasi ya pigo. Na waya haukukatika tu pale ulipopigwa. Uliweza kukatika kule juu kabisa, ulikofungwa. Pigo lilikuwa linapanda kama wimbi, likifika mwisho wa njia linarudi, na pale linaporudi linajirundika maradufu.

Hilo la kukatika mbali na palipopigwa lilinirudisha kwenye picha zangu. Tunapofika eneo la ajali huwa tunapiga picha pale palipogongwa, kwa kuwa ndipo panapotisha. Waya wa Hopkinson unasema ukatazame na kule ulikofungwa.

Alikuwa na mtoto, Bertram, aliyeanza na sheria kisha akahamia uhandisi na mwaka 1903 akawa profesa Cambridge. Bertram aliyarudia majaribio ya baba yake na kuonyesha kwamba waya wa chuma unaweza kuhimili, kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde, mkazo ambao ungeuharibu kama ungewekewa taratibu na kuachwa. Mwaka 1914 alichapisha kifaa chake kinachotajwa hadi leo. Ni mtaimbo mrefu wa chuma ulioning'inizwa, unaopigwa upande mmoja kwa risasi au baruti, na upande wa pili umeshikizwa kipande kifupi. Wimbi la pigo linasafiri ndani ya mtaimbo, linaingia kwenye kipande kile, nacho kinaruka kikiwa kimebeba sehemu ya pigo. Ukikidaka na kupima mruko wake, umepima kitu ambacho hakuna saa ya wakati ule iliyoweza kukipima.

Baba alikufa Agosti 1898, akipanda mlima katika Alpi za Uswisi, pamoja na watoto wake watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili. Bertram hakuwa miongoni mwao. Yeye alikufa Agosti 1918, akiwa peke yake katika ndege ya kijeshi aliyokuwa akiirusha mwenyewe kuelekea London. Sitatia maneno juu ya hilo. Naliandika kwa kuwa katika vitabu vya uhandisi jina Hopkinson limebaki jina la kifaa, na mimi nililisoma mara nyingi kabla ya kujua kwamba lilikuwa la baba na mwana.

Mwaka 1949 mwanafizikia Herbert Kolsky, hukohuko Uingereza, aliugawa mtaimbo wa Hopkinson kuwa miwili na kuweka kipande cha majaribio katikati. Wimbi linakuja kwenye mtaimbo wa kwanza kwa kasi ya kama kilomita 5 kwa sekunde, linafika kwenye kipande, sehemu yake inarudi na sehemu inapita kwenda mtaimbo wa pili. Vihisio vilivyogundishwa juu ya mitaimbo vinasoma mawimbi yote. Lililorudi linakuambia kipande kilinyumbuka kwa kasi gani, lililopita linakuambia kilibeba nguvu kiasi gani. Kipande chenyewe hakijaguswa na kifaa chochote. Kinajulikana kwa kilichopita na kilichorudi.

Bati lina shida zake za ziada. Ni jembamba, ukilisukuma linajikunja, kwa hiyo lazima livutwe, na kulibana ncha bila kulichana kabla ya wakati ni ufundi peke yake. Kwenye kasi za katikati, zile hasa za ajali za magari, mashine yenyewe inaanza kulia kama kengele iliyopigwa, na mpimaji hajui anachosoma ni sauti ya bati au ya mashine. Rafiki yangu anasema nusu ya kazi yake ni kunyamazisha kengele.

Wakishamaliza kuvuta vipande vilivyonyooka, wanavuta vyenye tundu katikati, vyenye mapengo ya mviringo pembeni, na vilivyokatwa ili visagike ubavu kwa ubavu badala ya kuvutwa. Sababu ni kwamba kuchanika kwa metali inayonyumbuka huanzia ndani. Vitundu vidogo visivyoonekana hufunguka kuzunguka chembe za uchafu, vinakua, vinakutana, na pale vinapokutana ndipo ufa unapoanza. Vitakua haraka au polepole kutegemea bati linavutwa vipi, pande ngapi. Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Gordon Johnson na William Cook, walitoa mlinganyo wenye namba tano za kueleza ugumu wa metali kwa mnyumbuko, kasi na joto. Mwaka 1985 wakaongeza namba tano nyingine za kueleza itachanika lini. Namba kumi kwa kila metali. Mpaka leo milinganyo ya aina hiyo ndiyo inayolishwa kwenye kompyuta za wabunifu, na gari linagongwa mara nyingi kwenye skrini kabla halijagongwa mara moja kwa kweli. Nyuma ya kila gongo la skrini kuna mtu aliyekaa akivuta vibati vya umbo la mfupa.

Na lengo si bati lisiharibike. Hili nililijua vibaya kwa miaka mingi, kama wengi wetu tunaosifia magari ya zamani kwamba "lile ndilo lilikuwa chuma". Mwaka 1951 mhandisi Béla Barényi aliomba hataza nchini Ujerumani ya gari ambalo chumba cha abiria ni kigumu, lakini mbele na nyuma pamepangwa pakunjike. Kila mkunjo unakula sehemu ya pigo. Bati linalokunjika linafanya kazi mpaka mwisho wa safari yake. Likichanika, kazi yake imeishia hapo, na kilichobaki cha pigo kinamtafuta mtu aliye nyuma yake. Mama mdogo alikuwa amekaa nyuma ya bati lililoendelea na kazi.

Nilikwenda Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwa mafundi wa mabati, kwa sababu nilitaka kulisikia jambo hili kwa mtu asiye na kamera ya kasi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye ameanza kunyoosha bodi kabla mimi sijazaliwa. Nilimpa shikamoo, nikakaa kwenye debe, nikamuuliza bati linachanika lini.

"Bati lina idadi yake," alisema. "Kila ukilikunja unalipunguzia. Ukalinyoosha, umelipunguzia tena. Wewe unaona limenyooka, unadhani limepona. Limechoka."

Akaokota kipande, akakikunja, akakinyoosha, akakikunja palepale. Mara ya nne kilitoa mlio mkavu. Nilimwambia kuhusu mashine ya milisekunde mbili. Hakushangaa sana. Alisema ndiyo maana yeye anapiga nyundo ndogo mara nyingi badala ya kubwa mara moja, na kwamba bati lililochoka anaweza kulipasha moto likalainika, ila si kila bati. "Haya magari ya siku hizi, ukilipasha vibaya linabaki na sura tu. Nguvu imekwenda."

Hapo alikuwa anaongea lugha moja na rafiki yangu. Baadhi ya nguzo za magari ya kisasa zinatengenezwa kwa chuma kilichopewa nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Ukikipasha tena kwa gesi bila kipimo, unaifuta nguvu hiyo, na macho hayataona chochote. Kuchomelea nako kunaacha ukanda pembeni ya mshono ambapo chuma si kile kilichotoka kiwandani wala si kile cha mshono. Rangi ikipita juu, vyote vinang'aa sawa.

Kwa hiyo nilirudi kwa Mama mdogo na orodha. Pengine upande wa mwenzake ulikuwa na mshono wa kuchomelea. Pengine kutu ilikuwa imekula kwa ndani. Pengine palitobolewa tundu la kufungia kiti au pambo, na ufa ukaanzia kwenye tundu. Pengine palishawahi kugongwa, pakanyooshwa, pakapakwa rangi. Pengine pigo lilitua kwingine kabisa na kujirundika pale, kama kwenye waya wa Hopkinson.

Alisikiliza zote. "Sasa ni ipi?"

Kulijibu hilo kulihitaji kukata kipande cha lile bati. Basi lilikaa wiki kadhaa kwenye uwanja likipigwa mvua, dereva akashtakiwa kwa mwendo kasi, kisha mabaki yakauzwa kwa uzito kama chuma chakavu. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 66, inayohusu nguvu ya bodi za mabasi makubwa. Basi linawekwa kwenye jukwaa linaloinuka upande mmoja mpaka lipinduke lenyewe kwenye shimo la kina cha milimita 800, na baada ya hapo hakuna nguzo inayotakiwa kuwa imeingia kwenye nafasi ya abiria. Ni jaribio linaloweza kuelezwa kwa sentensi moja. Limekuwapo tangu miaka ya 1980. Sikumbuki habari ya ajali, katika gazeti lolote nililolifanyia kazi, iliyouliza kama basi lililopinduka lilijengwa kwa kulizingatia.

Simtetei dereva. Kasi ndiyo iliyoleta nishati yote iliyotafuta pa kwenda siku ile, na hakuna aloi itakayolifuta hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na mwendo ni sababu kubwa. Lakini dereva anaweza kuhojiwa, bati haliwezi, na ninaona tumeridhika na shahidi anayeongea. Maswali ya kuuliza uwanjani si magumu. Nguzo zimekatikia wapi, kwenye mshono au katikati? Bodi ilijengwa wapi, mwaka gani? Iliwahi kugongwa? Nani alikagua? Mabaki yatahifadhiwa mpaka lini? Hakuna hata moja linalohitaji shahada ya uhandisi.

Mwisho wa mwaka jana rafiki yangu alikuja likizo, akaniletea zawadi ya ajabu iliyofungwa kwenye soksi: vibati viwili vya umbo la mfupa, vya chuma kilekile. Kimoja ni kizima. Kingine kilivutwa taratibu mpaka kikakatika, kwa hiyo ni nusu mbili. Vinakaa mezani kwangu, na Mama mdogo alipokuja kunisalimia aliviona, akaniuliza ndiyo vile vya kwenye simu. Nikamwambia ndivyo.

Mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri tangu ile siku. Aliziunganisha zile nusu mbili kwa mkono wa kulia, polepole, mpaka meno ya ufa yakakaa. Halafu akakilaza kile kizima pembeni yake, akakisawazisha ncha ya chini. Ncha za juu hazikulingana. Kilichokatika kilikuwa kirefu kuliko kizima, kwa karibu upana wa kidole.

"Kumbe kilirefuka kwanza," alisema.

Nilimwambia ndivyo wanavyopima: unaunganisha nusu mbili, unapima urefu, unatoa ule wa mwanzo. Kinachobaki ndicho metali ilichokubali kutoa kabla ya kuachana. Aliupima ule upana kwa kidole chake cha shahada, akautazama kwa muda, akaniuliza kama lile bati la kiti cha nyuma nalo lilirefuka.